SOMO: SOMA JANI KABLA YA KUNUNUA DAWA
Namna ya kutambua chanzo cha kujikunja kwa majani ya nyanya katika kitalu nyumba



Katika vyama vya msingi vya wakulima wa mboga, kitalu nyumba ni mali ya pamoja ambayo wanachama wameitolea hisa zao au wameichukulia mkopo. Mali ya namna hiyo haina budi kulindwa kwa akili na kwa mikono. Moja ya mambo yanayotia wasiwasi mapema ni kujikunja kwa majani ya nyanya. Mwanachama wa zamu huingia asubuhi, huona majani yamekunjamana, huwaita wenziwe, na kabla ya jua kutua katibu amekwisha kutakiwa atoe fedha za dawa.

Somo letu la leo lina jambo moja kuu: kujikunja kwa majani si ugonjwa, bali ni dalili. Ni kama homa kwa mtoto. Mzazi mwenye busara hutaka kujua kwanza homa hiyo imeletwa na nini. Dawa ya wadudu haipunguzi joto la kitalu, haikaushi mizizi iliyozama katika maji, wala haimwondoi kirusi aliyekwisha kuingia ndani ya mmea. Chama kinachonunua dawa kwa kubahatisha hupoteza mara mbili: fedha hutoka, na ugonjwa huendelea. Deni la mkopo hubaki pale pale.

1. KITALU NYUMBA SI SHAMBA LA WAZI

Kabla ya kulichunguza jani, yafaa tukumbuke hali ya mahali lilipoota. Nailoni huzuia mvua na upepo, lakini pia hufungia joto. Mvua haioshi wadudu waliomo wala haishushi chini chumvi ya mbolea inayokusanyika katika udongo. Nzi weupe wakiingia kwa mlango ulioachwa wazi, huzaana bila kusumbuliwa, kwa kuwa wadudu wanaowala mara nyingi wamebaki nje. Hivyo basi, kosa dogo ambalo shambani lingesahihishwa na hali ya hewa, ndani ya kitalu hukua siku hata siku.

2. MASWALI MATANO

Kila mwanachama wa zamu ayajibu maswali haya kwa maandishi kabla ya kwenda kwa katibu.

Kwanza, ni majani yapi yaliyojikunja: ya chini yaliyokomaa, au machanga ya kileleni?
Pili, yamejikunja kuelekea juu, kuelekea chini, au yamejisokota?
Tatu, ni mimea ipi iliyopatwa: yote sawasawa, mstari mmoja, au michache iliyo karibu na mlango?
Nne, upande wa chini wa jani kuna nini?
Tano, ni kazi gani zilizofanyika kitaluni katika majuma matatu yaliyopita: kumwagilia, kuweka samadi au mbolea, kupogoa, kunyunyizia dawa?

3. VYANZO VIKUU NA ALAMA ZAKE

(a) Joto na upungufu wa maji. Majani ya chini hujikunja kuelekea juu kama karatasi iliyoviringishwa. Huwa magumu kidogo mkononi, lakini rangi yake hubaki ya kijani. Mimea mingi hupatwa kwa pamoja, hasa baada ya siku za jua kali, au baada ya kupogoa kupita kiasi au kuzidisha mbolea ya naitrojeni. Mwanachama arudi alfajiri atazame tena. Majani yakiwa yamefunguka, joto ndilo lenye kosa. Yaliyojikunja kwa siku nyingi huweza kubaki hivyo, lakini mmea huendelea kuzaa. Tiba yake ni kufungua madirisha ya kitalu mapema, kumwagilia kwa kipimo, na kupunguza kupogoa. Kipimajoto kitundikwe kivulini, kwa kimo cha mimea. Joto likizidi nyuzi 35 za Selsiasi, maua ya nyanya huanza kupukutika.

(b) Maji kupita kiasi. Hapa majani huinama na kujikunja kuelekea chini, ingawa udongo umelowa. Mizizi imekosa hewa. Mkulima asiyejua hudhani mmea una kiu, naye huongeza maji. Chimbua udongo hadi kina cha kiganja, kisha uufumbate. Maji yakichuruzika kati ya vidole, funga bomba la maji na utazame mifereji.

(c) Kirusi kiletwacho na nzi weupe. Huu ndio ugonjwa ambao wakulima wengi huuita rasta. Majani machanga ya kileleni huwa madogo, hukunjamana kuelekea juu kama kikombe, na kingo zake huwa za manjano. Mmea hudumaa na kuwa kama kichaka, na maua hudondoka. Mara nyingi mimea ya kwanza kupatwa ni michache, iliyotawanyika au iliyo karibu na mlango. Ukiutikisa mmea, vidudu vyeupe huruka kutoka chini ya majani.

Nzi mweupe akinyonya mmea mgonjwa kwa muda usiofika hata saa moja, huweza kumchukua kirusi na kumpeleka kwenye mimea mingine. Dalili huonekana majuma mawili au matatu baadaye. Ndiyo sababu tunauliza habari za majuma matatu yaliyopita. Mmea uliokwisha kuambukizwa hauna dawa. Ufunikwe kwa mfuko asubuhi na mapema, wakati nzi wamepoa, ung'olewe, utolewe nje na kufukiwa. Dawa ya kunyunyizia huweza kupunguza nzi tu, tena nzi hawa ni mashuhuri kwa kuzoea dawa zinazorudiwarudiwa. Kinga iliyo bora ni miche safi, mbegu za aina inayostahimili ugonjwa huu, wavu wenye matundu 50 kwa inchi, milango miwili inayofuatana, mitego ya njano yenye gundi, na kung'oa magugu na nyanya kuukuu zilizo jirani.

(d) Utitiri. Viumbe hawa ni wadogo mno. Aina inayokunja majani machanga ina urefu wa milimita 0.2 hivi, nao hawaonekani bila kioo cha kukuzia. Majani ya kileleni huwa membamba, magumu, yaliyokunjwa kuelekea chini, na upande wa chini hung'aa kwa rangi ya shaba. Pilipili hoho hushambuliwa vibaya zaidi kuliko nyanya. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa sababu utitiri si nzi: una miguu minane, na dawa nyingi za nzi haziudhuru. Salfa husaidia, lakini isinyunyiziwe wakati wa joto kali kwa kuwa huunguza majani.

(e) Dawa ya magugu. Majani machanga hujisokota na kuwa membamba, mishipa yake hukaribiana kama ya kipepeo cha mkono, na shina hupinda. Hakuna mdudu, wala hakuna manjano ya kwanza. Nyanya huumizwa hata na kiasi kidogo sana cha dawa ya 2,4-D, ambayo hutumika katika mashamba ya mahindi. Chanzo huweza kuwa bomba lililoazimwa likarudishwa bila kuoshwa vyema, au upepo kutoka shamba la jirani. Hata samadi huweza kuwa chanzo, kwa maana baadhi ya dawa za magugu ya malisho hupita tumboni mwa ng'ombe bila kuharibika.

Samadi ya kutiliwa shaka ijaribiwe kwa maharage. Changanya samadi na udongo katika makopo matatu, na utie udongo mtupu katika makopo mengine matatu. Panda maharage katika yote, kisha ungoje majuma matatu. Maharage ya samadi yakijisokota na ya udongo mtupu yakanyooka, samadi hiyo isiingie kitaluni.

4. WAJIBU WA KATIBU

Tuseme kitalu cha chama kina mistari sita ya nyanya. Mwanachama wa zamu analeta habari kwamba mstari wa pili wote umejisokota kileleni, naye anaomba dawa ya nzi weupe. Katibu anafungua daftari la kitalu. Anakuta kwamba siku tisa zilizopita mstari huo peke yake ulinyunyiziwa dawa ya ukungu kwa bomba la kuazima, baada ya bomba la chama kuharibika. Kirusi hachagui mstari mmoja na kuuacha wa pembeni yake. Katibu huyo ameokoa fedha za chama kwa kusoma ukurasa mmoja.

Daftari hilo basi liwe na tarehe, joto la adhuhuri, kiasi cha maji, dawa na mbolea iliyotumika, bomba lililotumika, na jina la aliyefanya kazi. Jina haliandikwi kwa ajili ya kumwadhibu mtu. Mwanachama anayeogopa lawama atalificha kosa lake, na kosa lililofichwa hugharimiwa na wote. Aidha, chama kiwe na mabomba mawili yenye alama zilizo wazi: moja la dawa za magugu, jingine la dawa nyingine.

Dawa ikihitajika kweli, inunuliwe kwa ushauri wa bwana shamba au bibi shamba, iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), na siku za kungoja kabla ya kuvuna zifuatwe kama zilivyoandikwa. Mnyunyiziaji avae kinga kamili, kwani ndani ya nailoni mvuke wa dawa hauna pa kutokea haraka.

5. MUHTASARI

Majani ya chini, ya kijani, yaliyoviringika juu: tazama joto na maji. Yaliyoinama juu ya udongo uliolowa: punguza maji. Kilele kidogo chenye manjano: tafuta nzi weupe, ng'oa mapema. Kilele kigumu chenye shaba upande wa chini: chukua kioo cha kukuzia. Kilele kilichosokotwa bila mdudu: uliza habari za bomba na samadi.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Katika chama chenu, ni nani mwenye mamlaka ya kuamua dawa inunuliwe, naye hutegemea habari gani?
2. Mara ya mwisho mliponunua dawa, je, mlijua mnaua kitu gani?
3. Bomba la chama huazimwa na nani, na hurudishwa katika hali gani?
4. Mwanachama akikiri kosa lake la kitaluni, mkutano humpokea namna gani?

Majibu ya kikundi yaandikwe na kuhifadhiwa pamoja na daftari la kitalu.