Kabla hujanunua antena, panda juu uangalie

Mdogo wangu wa Cimpunda, wewe uliyeuliza ununue antena gani ili ukamate Wi-Fi ya kule Ibanda: pesa zikae mfukoni kwanza. Panda mahali pa juu kabisa kwenye parseli yenu, uangalie. Lile jengo lenye Wi-Fi unaliona kwa macho? Mawimbi ya Wi-Fi hayazunguki mlima. Kwa miteremko yetu hii ya Bukavu, mabati ya jirani na mparachichi wake vinatosha kukuzibia. Kama hulioni, acha. Hata antena ya bei kali haitakusaidia.

Unaliona? Basi tuongee. Antena ya kuelekeza haizalishi nguvu mpya, inaikusanya tu upande mmoja, kama kioo cha tochi. Ya rahisi kabisa ni kopo la chuma lenye upana wa sentimita 8 hadi 9. Tuseme lako lina 8.5: pima sentimita 5.8 kutoka kwenye kitako, toboa hapo, usimamishe ndani kipande cha waya wa shaba chenye urefu wa milimita 31. Kopo liwe na urefu wa sentimita 17 au zaidi. Makopo mengi ya maziwa ya unga ni mapana kupita hapo, kwa hiyo nenda sokoni Kadutu na rula yako, wacheke wakicheka.

Simu haina pa kuchomeka antena. Tafuta kifaa cha Wi-Fi cha USB chenye antena inayofunguka, ukifunge palepale kwenye kopo, kisha ushushe waya wa USB hadi kwenye kompyuta, usizidi mita 5. Waya mrefu wa antena unakula mawimbi yote njiani. Kile kipande cha shaba kisimame wima, kwa sababu antena za ruta nyingi husimama hivyo. Geuza kopo kidogo, ngoja, soma kwenye kompyuta namba ya nguvu ya mawimbi (dBm). Hasi 60 ni nzuri. Hasi 85, utakaa unalia na ukurasa mmoja.

Mvua ikianza kunguruma, chomoa kila kitu. Sikutishi: utafiti wa satelaiti uliotoka 2016 uliiweka Kabare, jirani zetu hawa, ya pili duniani kwa radi, kama 205 kwa kilomita moja ya mraba kila mwaka. Ziwa Maracaibo la Venezuela peke yake ndilo liliizidi. Usiache chuma juu ya mabati usiku kucha. Na shefu wa avenue umwambie mapema ni kitu gani hicho, siku hizi watu wana wasiwasi.

Sasa lile swali lako la nywila, uliloandika nusunusu, nimekuelewa. Kuona jina la mtandao si kupewa mtandao. Mfuate mwenye mtandao, mpatane mchango wa kila mwezi. Mkielewana, mwombe asogeze ruta yake dirishani, upande unaotazama Cimpunda. Huenda kopo lisihitajike tena.