Tone la damu kwenye karatasi

"Dada, ile damu ya kidoleni mnaipeleka wapi?" Kijana mmoja aliniuliza hivyo huko Muyama, wilayani Buhigwe, wenzake wakacheka. Eti inauzwa! Hapana, haiuzwi.

Tone likikaushwa kwenye karatasi maalumu linaweza kusafirishwa hadi maabara. Kama una malaria, humo mna vinasaba vya vimelea. Vinasaba ni kama kitabu kilichoandikwa kwa herufi nne tu, na wataalamu hukisoma waone herufi ipi imebadilika.

Herufi moja yaweza kuleta balaa. Waulize wazazi wako kuhusu klorokwini, ile chungu iliyowasha mwili mzima. Kimelea hula damu, kikabaki na takataka yenye sumu tumboni mwake. Klorokwini ilikizuia kuituliza sumu hiyo, kikafa. Baadaye wakatokea wajanja: protini iliyo kama mlango wa tumbo hilo ilibadilika kidogo tu, ikawa inaitoa dawa nje. Mgonjwa anameza, homa iko palepale! Mwaka 2001 Tanzania iliiacha klorokwini ikashika SP, nayo ikashindwa. Mwaka 2006 ikachaguliwa dawa mseto, ALU.

Sasa sikiliza ya majirani zetu wa Kagera. Damu iliyokusanywa mwaka 2021 na NIMR pamoja na washirika wake, katika mikoa kadhaa, Kigoma ikiwemo, ilionyesha huko Kagera vimelea wenye badiliko liitwalo R561H. Rwanda lilikwisha kuonekana. Vimelea hao huchelewa kufa wanapokutana na artemetha, moja ya dawa mbili zilizomo kwenye ALU. ALU bado inaponya, maana lumefantrini inamalizia kazi. Lakini ni mzigo wa watu wawili, na mmoja ameanza kuchoka.

Kwa hiyo pima kwanza. Ukikutwa na malaria na una kilo 35 au zaidi, vidonge ni 24: vinne papo hapo, vinne baada ya saa 8, kisha vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili. Meza pamoja na chakula chenye mafuta, lumefantrini iingie vizuri mwilini. Maharage yaliyoungwa kwa mawese yanatosha kabisa. Homa ikishuka siku ya pili, usimwekee mdogo wako vilivyobaki. Ikiendelea baada ya siku tatu, rudi zahanati.

Yule kijana aliuliza tena: kutobolewa kunauma? Kidogo, nikamwambia. Akanyoosha kidole.