Herufi ni nguo ya lugha: nani anayeishona?

Lugha ya Kifini huandikwa kwa herufi za Kilatini, kama hizi unazosoma sasa. Je, inawezekana kuiandika kwa herufi za Kirusi, ziitwazo Sirili? Jibu ni ndiyo, lakini kwa taabu.

Tuchukue mfano. Katika Kifini, "suu" ni mdomo na "syy" ni sababu. Tofauti iko kwenye irabu tu: hiyo y hutamkwa kama i, lakini midomo ikiwa imeviringwa kama ya u. Kirusi hakina herufi maalumu ya sauti hiyo. Iliyo karibu nayo, ikisimama mwanzo wa neno au baada ya irabu, husomwa "yu". Kwa hiyo ukiandika "syy" kwa Sirili, Mrusi atasoma "syuyu". Tatizo ni hilo hilo kwa irabu za ä na ö. Hata h ya Kifini haina mwenziwe kamili katika Kirusi.

Matatizo hayo yanatatulika. Wazee wetu wa pwani walipoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu hawakukuta p wala ch. Waliongeza nukta, wakaendelea na tenzi zao na barua zao. Wenye lugha wakiachiwa wenyewe, hushona nguo ikawaenea.

Sasa tuangalie lugha inaposhonewa nguo na dola. Karelia ni nchi inayopakana na Ufini, na sehemu kubwa yake imo ndani ya Urusi. Lugha ya Wakarelia ni ndugu wa karibu wa Kifini. Katika miaka ya 1920 na mwanzoni mwa 1930, Kifini kilikuwa lugha ya shule na ofisi katika Karelia ya Kisovieti, chini ya kiongozi wake Edvard Gylling. Mwaka 1935 Gylling aliondolewa madarakani, na mwaka 1938 akauawa kwa risasi. Kifini kikapigwa marufuku. Mahali pake kikawekwa Kikarelia kilichoandikwa kwa Sirili, kwa kanuni zilizotungwa na mtaalamu Dmitri Bubrikh. Bubrikh naye alikamatwa mwaka 1938!

Mpango huo haukufika mbali. Mwaka 1940, baada ya vita na Ufini, Moscow ilibadili siasa yake. Kifini kikarudishwa, kwa herufi za Kilatini, na Kikarelia cha Sirili kikatupwa. Mtoto aliyeanza shule mwaka 1936 alibadilishiwa lugha na herufi mara mbili kabla hajabalehe.

Jambo hili lawahusu Waislamu pia. Watatari wa Kazan waliandika kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 wakapelekwa kwenye Kilatini, na mwaka 1939 kwenye Sirili. Katika umri wa mtu mmoja, mjukuu akawa hawezi kusoma barua ya babu yake. Lakini Watatari waliohamia Ufini, ambao jumuiya yao ya Kiislamu iliandikishwa mwaka 1925, walichukua Kilatini na wakabaki nacho. Leo mtu wa Helsinki na binamu yake wa Kazan wanasema lugha moja na kuiandika kwa herufi mbili.

Wala mambo hayakuishia zama za Stalin. Mwaka 1999 Tatarstan ilipitisha sheria ya kurudi kwenye Kilatini. Mwaka 2002 Urusi ikatunga sheria kwamba lugha rasmi za jamhuri zake ziandikwe kwa Sirili, na mwaka 2004 Mahakama ya Katiba ikaiunga mkono. Kikarelia, ambacho tangu 1989 kina alfabeti ya Kilatini, kikakwama. Karelia ndiyo jamhuri pekee ya Urusi isiyo na lugha rasmi yake yenyewe zaidi ya Kirusi.

Tunajifunza nini? Kwanza, hakuna herufi iliyo adui wa lugha. Kilatini kimetufaa sisi, na Kiarabu kilitufaa kabla yake. Pili, la kuuliza ni nani anaamua, na kwa maslahi ya nani. Tatu, mabadiliko ya herufi hukata kamba baina ya vizazi, na kamba hiyo haijiungi yenyewe. Ziko hati za Kiswahili za Lamu, Mombasa na Unguja ambazo wajukuu wa walioziandika hawawezi kuzisoma, ingawa wengi wao wanasoma Qur'an kila siku kwa herufi hizo hizo. Waliobaki na ujuzi huo ni wachache. Basi na watufundishe wangali hai.