Klachi Haiuawi na Mlima, Inauawa na Mguu: Somo kwa Kijana Anayenunua Kirikuu ya Shamba



Leo tuwaache kidogo kantangaze na ukungu, tuongelee gari. Vijana kadhaa wa kikundi chetu huku Lushoto wamenunua kirikuu za kubebea mazao, na wengine bado wanatafuta. Ni hatua nzuri. Ukiwa na usafiri wako, dalali hawezi kukupangia bei huku umekaa kando ya barabara na nyanya zinaiva. Shida ni kwamba nyingi ya gari hizi ni za gia, na wengi wetu tumejifunza kuendesha kwa kukaa pembeni ya dereva na kuangalia.

Kilichompata mwenzetu

Kijana mmoja alinunua kirikuu kwa akiba ya misimu miwili ya nyanya. Kabla hajalipa alinipigia: "Shikamoo afisa, niangalie nini?" Nikamwambia aangalie kadi ya gari, injini na matairi. Klachi sikuitaja. Hilo ni kosa langu, na ndiyo maana naandika somo hili.

Wiki ya tatu, alfajiri, alipakia matenga 12 bondeni. Njia za kutoka mabondeni mnazijua: udongo mwekundu, kona, halafu mlima umesimama. Katikati ya mlima akasimama kumpisha bodaboda. Kuondoka tena ikawa kazi. Akashikilia klachi nusu, akakanyaga mafuta, injini ikapiga kelele, gari haipandi. Akarudia, akarudia tena. Ikatoka harufu ya kuungua, kisha moshi. Mwisho akaachia klachi yote: injini inanguruma, matairi hayazunguki.

Lori alilokuwa analiwahi Mombo likaondoka bila mzigo wake. Nyanya zilikaa juani hadi mchana, akaziuza kwa bei ya kutupa. Na bado fundi alikuwa anamsubiri.

Klachi inafanyaje kazi

Injini ikiwaka inazunguka muda wote, lakini matairi kuna wakati yanatakiwa yasimame. Klachi ndiyo inayoviunganisha na kuvitenganisha.

Kwenye injini kuna gurudumu zito la chuma, mafundi wanaliita flaiwili. Mbele yake kuna sahani ya klachi, yenye kitambaa kigumu cha kukamata pande zote mbili, mfano wa kile cha breki. Halafu kuna presha, yenye springi inayobana sahani kwenye flaiwili.

Usipokanyaga, sahani imebanwa na vyote vinazunguka pamoja. Hakuna kusuguana. Ukikanyaga hadi chini, sahani inakuwa huru. Tatizo liko katikati, kwenye nusu klachi. Hapo vinagusana huku vinazunguka kwa kasi tofauti, vinatoa joto na sahani inalika. Kila gari ya gia inapita hapo wakati wa kuondoka, na sekunde moja au mbili si neno. Ukikaa hapo muda mrefu, mlimani, na mzigo nyuma, huku unaongeza mafuta, unaichoma.

Ndiyo maana kilomita peke yake hazikuambii klachi imebaki kiasi gani. Klachi ya aina ileile, dereva mmoja anakaa nayo miaka, mwingine anaimaliza ndani ya msimu.

Jifunze kwa hatua, gari ikiwa tupu

Kata leseni ya kujifunzia kwanza, na ukae na mtu mwenye leseni na uzoefu.

1. *Uwanja tambarare, bila mafuta.* Klachi chini, gia ya kwanza, mguu wa kulia usiguse mafuta. Achia klachi polepole sana. Kuna mahali gari itatetemeka kidogo na mlio wa injini utashuka. Hapo ndipo klachi inapokamata. Tulia kidogo, gari ikianza kutembea achia yote. Rudia mpaka mguu upazoee bila kufikiri. Ukisikia harufu, pumzika ipoe.

2. *Ongeza mafuta kidogo.* Kidogo tu. Mlio ukiwa mkubwa kabla gari haijatembea, umezidisha.

3. *Mlima mdogo, na hendibreki.* Vuta hendibreki, weka gia ya kwanza, mafuta kidogo, achia klachi mpaka uisikie gari inataka kwenda. Shusha hendibreki, kisha malizia kuachia klachi. Ikizimika, anza upya. Kuzima gari si aibu, na hakuharibu klachi kama kuishikilia nusu.

4. *Mzigo nusu, halafu mzigo kamili.* Usiruke hatua kwa sababu soko ni kesho.

Tabia zinazokula klachi

- Kusimama mlimani kwa kuishikilia gari na nusu klachi. Tumia breki.
- Kupumzisha mguu juu ya klachi ukiwa safarini. Hata uzito mdogo unaweza kupunguza ule mbano.
- Kuondoka na gia ya pili ukiwa na mzigo.
- Kuhangaika na nusu klachi ukinasa kwenye tope. Shusha mzigo, weka mawe au majani chini ya matairi.
- Kuzidisha mzigo. Kirikuu nyingi zilizotumika Japani ni za injini ya cc 660 na mzigo wa kilo 350. Pima tenga lako. Likiwa na kilo 40, matenga 8 ni kilo 320. Matenga 12 ni kilo 480.

Na ukishuka Soni kwenda Mombo, usikanyage klachi ili gari iserereke. Weka gia ndogo, injini isaidie breki. Hapo tunalinda roho, siyo klachi tu.

Kabla hujalipa, ipime

Sehemu tambarare, pasiwe na mtu mbele, vuta hendibreki na kanyaga breki. Weka gia ya tatu, usiongeze mafuta, achia klachi taratibu. Klachi nzima itaizima injini hapohapo. Injini ikiendelea kuunguruma, klachi inateleza. Pima mara moja, usirudierudie.

Ukiijaribu barabarani, panda mlima. Mlio ukiongezeka na mwendo hauongezeki, ni dalili ileile. Klachi inayokamata juu kabisa, mguu ukiwa karibu kutoka, nayo iulizie. Huenda sahani imeisha, au ni waya tu unaohitaji kurekebishwa. Gia zikiingia kwa kukwaruza, huenda klachi haiachii vizuri. Mwite fundi aangalie kabla ya kutoa hela.

Ukilazimika kubadilisha, badilisha sahani, presha na beringi yake kwa pamoja. Kazi kubwa ni kushusha giaboksi, usiilipie mara mbili. Mwambie fundi aangalie pia kama oili inavuja, maana oili ikifika kwenye sahani, hata klachi mpya itateleza.

Kazi ya wiki hii

Kijana wetu alitengeneza gari, akatumia Jumapili tatu kwenye uwanja wa mpira kujifunza upya. Siku hizi anapakia matenga 8 na kwenda safari mbili. Mafuta yanaongezeka, ndiyo, lakini mzigo unafika.

Wewe je? Ukipiga hesabu ya msimu, baada ya mbegu, mbolea na dawa, ongeza mstari wa klachi na utenge kidogo kila mavuno. Halafu tafuta uwanja. Siku ya kujifunza kuondoka mlimani isiwe siku ya soko.