Thawabu ya Kuwatumikia Wazee Wasio na Mtu

Kila katekumeni amekwisha kufundishwa amri ya nne ya Mungu, naye huisema kwa moyo bila kukosea neno. Lakini amri hiyo haikomi mlangoni pa nyumba ya mtu. Wako wazee waliozaa watoto, na watoto hao wakatangulia kufa. Wako wasiopata mtoto kamwe. Wako waliokimbia vita, wakapotezana na jamaa zao njiani, wala hawakuonana tena. Tena wako, nao si wachache katika nchi ya Kongo, waliofukuzwa na ukoo wao wenyewe kwa kusingiziwa uchawi, kwa kuwa tu wameishi miaka mingi na mtoto wa jirani amekufa ghafula. Mzee wa namna hii ni baba wa nani? Naye bibi kizee aketiye peke yake katika kibanda kibovu mwisho wa kijiji, ni mama wa nani?

Watu wengi husema kwamba nyumba ya wazee ni desturi ya Wazungu, na kwamba Mwafrika hamtupi mzee wake. Neno hilo lina ukweli, na aliye na baba au mama asitafute nyumba ya masista ili kuwatwika wengine mzigo wake. Ila nyumba hizo hazikuanzishwa kwa ajili ya mzee mwenye watoto wanaompenda. Zilianzishwa kwa ajili ya yule asiye na mtu. Tena aliyeanzisha mojawapo ya kazi kubwa za namna hii hakuwa tajiri wala mwenye elimu. Alikuwa mtumishi wa jikoni.

Jina lake ni Jeanne Jugan. Alizaliwa tarehe 25 Oktoba 1792 katika Cancale, mahali pa wavuvi katika nchi ya Bretagne, upande wa magharibi wa Ufaransa. Alikuwa bado mtoto mdogo baba yake alipopotea baharini. Pwani ile ilikuwa pwani ya wajane: wanaume walikwenda mbali kuvua samaki, na wengi hawakurudi. Jeanne alichunga ng'ombe, kisha alipokuwa kijana akapata kazi jikoni kwa mama mmoja mwenye cheo, ambaye alimchukua pamoja naye kila alipokwenda kuwatazama wagonjwa na maskini. Baharia mmoja akataka kumwoa, naye akakataa. Mwaka 1817 akahamia mji wa Saint-Servan, akauguza wagonjwa katika hospitali hata nguvu zikamwishia. Baadaye akamtumikia bibi mmoja mcha Mungu muda wa miaka 12, mpaka huyo bibi akafa. Basi Jeanne akabaki na umri mkubwa, afya haba, na akiba ndogo ya faranga. Akapanga vyumba pamoja na mwanamke mzee aitwaye Françoise Aubert na msichana yatima, nao wakaishi kwa kusokota nyuzi na kuwafulia watu nguo.

Hapo ndipo jambo lilipoanza. Katika siku za baridi za mwaka 1839, Jeanne akiwa na miaka 47, alisikia habari za mjane mmoja aitwaye Anne Chauvin, kipofu, tena amepooza upande mmoja, ambaye alibaki bila mtu wa kumtunza. Jeanne akaenda, akamleta, akampandisha ngazi hadi chumbani kwake, akamlaza katika kitanda chake mwenyewe. Yeye akaenda kulala juu, chini ya paa. Hakukuwa na mkutano, wala barua kwa wakubwa, wala hesabu ya fedha. Palikuwa na kitanda kimoja, na watu wawili waliokihitaji.

Wa pili alikuwa mtumishi mzee aitwaye Isabelle Coeuru. Habari zake zinafaa kukumbukwa. Mabwana zake walikuwa wamefilisika katika uzee wao, naye hakuwaacha: aliwalisha kwa akiba yake, na akiba ilipokwisha akaenda kuomba sadaka kwa ajili yao, hata wakafa. Kisha yeye naye akabaki mgonjwa, bila senti wala mlezi. Mwanamke huyo alikuwa amekwisha kutenda kwa miaka mingi lile ambalo Jeanne alikuwa anaanza kulitenda. Atakayesema kwamba Jeanne alimpokea mtu wa kusaidiwa tu, hajafahamu. Alimpokea pia mwalimu.

Mwaka 1841 wakahamia nyumba kubwa zaidi, iliyokuwa zamani mahali pa kuuzia pombe, wakawa na vikongwe 12. Mwaka 1842 ikanunuliwa nyumba iliyokuwa ya watawa. Chakula kilitoka wapi? Wengi wa wale akina mama walikuwa wamezoea kwenda mlango kwa mlango kuomba. Jeanne akaona kwamba njia hiyo iliwashushia heshima, na wengine ilikuwa ikiwarudisha kwenye ulevi. Akawauliza: Ni nani waliokuwa wakiwapa sadaka? Wakamtajia majina na nyumba. Akachukua kikapu, akaenda yeye mahali pao. Haya ilimshika, kwa maana mwanamke mfanyakazi hapendi kuonekana mwombaji. Hata hivyo alikwenda. Husimuliwa kwamba tajiri mmoja alimpa fedha, na kesho yake alipomwona tena mlangoni akakasirika. Jeanne akamjibu kwa upole kwamba maskini wake walikuwa na njaa jana, leo wana njaa, na kesho watakuwa na njaa vilevile. Tangu siku ile tajiri yule hakuacha kumsaidia.

Angalieni namna kazi ile ilivyokwenda. Wazee wenyewe walionyesha njia ya kikapu. Wenye mikono mizima walisokota nyuzi na kushona, na kilichouzwa kiliingia katika chungu cha wote. Masista wa kwanza waliwaandalia wazee chakula kwanza, kisha wao wakala kilichobaki. Hakuna aliyekaa bila kazi kwa sababu ya uzee, wala aliyelazimishwa kupita nguvu zake. Mzee anyimwaye kazi yoyote hufa kabla ya kifo chake.

Si vema kumdanganya katekumeni kwamba utumishi huu ni mtamu kila siku. Mwili wa mzee aliyelala siku nyingi hunuka. Nguo zake hulowa usiku, na sharti zibadilishwe usiku huo huo. Asipogeuzwa ubavu kwa ubavu kila baada ya saa chache, ngozi yake huoza, na kidonda cha mgongoni huchukua miezi kupona, kama kikipona. Alishwe polepole, akiwa ameketi wima, kwa maana chakula huweza kumkaba koo. Wengine hupoteza akili: humsingizia anayewaosha kwamba ameiba kitambaa, humwita kwa jina la mtoto aliyekufa zamani, huuliza neno moja mara kumi kabla ya jua kuchwa. Kitabu cha Yoshua bin Sira kilikwisha kuliona jambo hilo, nacho hufundisha kwamba baba avumiliwe hata akili zake zikipungua, wala asidharauliwe na mwana aliye katika nguvu zake. Tena wako wazee wakali tu, waliokuwa wakali tangu ujana.

Pamoja na hayo yote, anayedumu katika kazi hii hupokea vitu ambavyo havipatikani mahali pengine. Hujifunza kwenda polepole, naye kijana huyu pengine hajapata kumngoja mtu maishani mwake. Husikia habari za nchi zisizoandikwa popote: njaa ya mwaka gani, barabara ilichimbwa na nani, nani alikuwa wa kwanza kubatizwa kijijini, na mapatano ya mashamba yalifanyika namna gani. Mara nyingi ugomvi wa mipaka umetulizwa na neno la kikongwe ambaye hakuna aliyekuwa akimwuliza kitu. Hufundishwa dawa, methali, namna ya kusuka mkeka. Hufundishwa pia kusali, kwa sababu mzee anayezidondosha punje za rozari gizani hasali ili aonekane. Na juu ya yote hufundishwa kufa. Aliyemshika mkono mtu anayekata roho, akamlowesha midomo, akasema naye sala za mwisho, haogopi tena kifo kama alivyokiogopa zamani. Hakuna shule nyingine ya somo hilo.

Ikiwa mtu anatafuta sifa, basi na asome yaliyompata Jeanne mwenyewe. Tarehe 8 Desemba 1843 wenzake walimchagua tena kuwa mkubwa wao. Siku 15 baadaye, tarehe 23, Padri Le Pailleur aliyekuwa akiwaongoza aliubatilisha uchaguzi huo, akamweka mwingine mwenye umri mdogo zaidi. Jeanne hakufanya fitina. Akachukua kikapu chake, akaendelea kuwaombea wazee chakula. Mwaka 1845 wakubwa wa Académie française huko Paris walimpa zawadi iitwayo Montyon, ya faranga 3,000, iliyokuwa ikitolewa wakati ule kwa Mfaransa maskini aliyetenda mema makubwa. Ufaransa yote ikasikia jina lake. Mwaka 1852 akaamriwa kuacha safari zake na kukaa katika nyumba kuu, na tangu mwaka 1856 akakaa Saint-Pern, pamoja na wanovisi, hata kufa kwake. Jumla ni miaka 27 ya kufichwa. Wanovisi wengi hawakujua kwamba sista yule mzee aliyekuwa akiwafundisha kazi ndogo ndogo ndiye aliyeianza familia yao. Padri yule alitaka ihesabiwe kuwa kazi yake mwenyewe. Alidhulumiwa, na hakuna haja ya kutafuta neno laini zaidi.

Lakini hakutoka katika nyumba aliyoipenda. Alizeeka kati ya wazee. Katika miaka ya mwisho macho yake yalikuwa karibu kupofuka, naye akawa mmoja wa wanaoshikwa mkono. Aliwakumbusha vijana wasisahau kamwe kwamba maskini ni Bwana wetu mwenyewe. Alikufa tarehe 29 Agosti 1879, na siku ile Masista Wadogo wa Maskini walikuwa wapata 2,400. Mwaka 1890 Padri Le Pailleur aliondolewa madarakani kwa amri ya Roma, na polepole ukweli ukajulikana. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza Jeanne kuwa mwenye heri mwaka 1982. Baba Mtakatifu Benedikto XVI alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 11 Oktoba 2009, siku moja na Padri Damiaan, Mbelgiji aliyewatumikia wakoma wa Molokai. Wote wawili walikaa na watu ambao wengine waliwakimbia.

Masista wake wamefika Afrika pia. Wamewatunza wazee huko Annaba katika Algeria, mji uliokuwa zamani Hippo ya Mtakatifu Augustino. Na huko Nairobi nyumba yao huitwa kwa Kiswahili Nyumba ya Wazee. Mbali na nadhiri tatu za watawa wote, wao huweka nadhiri ya nne, ndiyo ya ukarimu: humwahidi Mungu kuwapokea wazee maskini na kuwatumikia maisha yao yote. Katika miji ya Kongo wako masista wa mashirika mengine wafanyao kazi ya namna hiyo hiyo, nao hufurahi wakipata vijana wa parokia wa kuwasaidia kufua, kuchota maji, na kukaa tu kuzungumza.

Hata kijiji kisicho na nyumba ya wazee kina wazee. Katekista aweza kuwapeleka wakatekumeni wawili wawili, siku ya Jumamosi, kwa mzee asiye na mtu, na kwanza kwa yule anayeogopwa. Maneno ya uchawi wasiyajibu kwa kelele; waingie nyumbani mwake mchana, mbele ya watu wote, wakae, watoke wazima. Kijiji kitaona. Mara nyingi tendo hilo huvunja uvumi kuliko hotuba tatu. Na ikiwa watu wanatishia kumdhuru, katekista asingoje Jumapili: ampashe habari Padri na wakuu wa serikali siku ile ile.

Waende na mtungi wa maji na kuni. Wamwamkie kwa jina lake la heshima, na wasizungumze wao kwa wao juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo. Waulize kabla ya kugusa vitu vyake, kwa maana hata kibuyu kilichopasuka kina mwenyewe. Wamkate kucha, wafagie, wazibe paa penye tundu. Wamwombe awafundishe jambo moja analolijua: wimbo, mtego, jina la mti. Na akiwatolea kiazi kimoja kilichochomwa katika majivu, wasikatae kwa kusema kwamba yeye ni maskini. Wakipokee kwa mikono miwili, wakigawanye, wakile mbele yake.