SOMO: UJIRA WA MNADA NA UJIRA WA MKATABA



Kriketi ya wanawake sasa ni kazi ya mshahara. Australia ilianzisha ligi ya timu 8 mwaka 2015. India ilianza na timu 5 mwaka 2023. Tuangalie jinsi ujira unavyopangwa.

1. India: mnada. Februari 2023 wenye timu walishindania wachezaji. Smriti Mandhana alipata rupia milioni 34. Wa bei ya chini kabisa, milioni 1. Kila timu iliruhusiwa kutumia milioni 120. Timu ya wanaume mwaka huo: milioni 950.

2. Australia: chama. Mkataba ulikwisha tarehe 30 Juni 2017. Wachezaji zaidi ya 200 walikaa bila mkataba, wakakataa kugawanywa. Agosti mwajiri akakubali. Kwa mara ya kwanza wanawake waliingia katika mkataba mmoja na wanaume. Fungu lao lilipanda kutoka dola za huko milioni 7.5 hadi 55.2 kwa miaka mitano.

Fundisho: Katika mnada kila mtu husimama peke yake, katika chama hata wa chini husemewa.

Maswali ya kujadili tawini:
(a) Je, mikataba yetu inawataja wanawake na vibarua?
(b) Nani amebaki nje?