Modemu ipi kati ya Kasese na Bwera?

Mei 2020 mto Nyamwamba ulipofurika na kuiharibu hospitali ya Kilembe, nilijiuliza: mitandao ya simu ikikatika, ujumbe wa Kasese utafikaje Bwera? Redio ya ridhaa hutuma maandishi kwa pakiti, ila lazima uchague modi ya modemu.

Mimi kwa tamaa ya kasi nilianza na biti 9600 kwa sekunde, nikachomeka modemu kwenye tundu la maikrofoni na la spika. Haikupita hata pakiti moja. Matundu hayo yametengenezwa kwa sauti ya mtu, huchuja na kupotosha mawimbi. 9600 inataka kuunganishwa ndani ya redio, kabla ya vichujio, tena ishara yenye nguvu. Modi ya 1200 hutumia milio miwili, hezi 1200 na 2200, ambayo hupita hapo kama maneno.

Halafu kuna vilima vya Rwenzori. Pakiti ikiharibika hurudiwa nzima, kwa hiyo kasi inayorudiarudia huchelewa. Piga hesabu: herufi 150 ni biti 1200, sekunde moja tu, ukiacha anwani. Orodha ya dawa itafika, picha zisubiri. Leseni kwanza, kutoka Tume ya Mawasiliano ya Uganda.